Shimo la Mbire kwa Mama Mlokole

Mkitaka kuniita muongo, niiteni nikishamaliza, si kabla. Haya yalinipata mimi, mchana kweupe, hapa hapa Kimuli, mwanangu Koku akiwa mikononi. Sikuwa usingizini wala sikuwa na homa.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa Mama Asteria, mfanyabiashara aliyetokea Muleba. Dhahabu zake, mkufu, bangili na hereni za harusi, alikuwa amezikatia bima. Siku moja akapiga yowe kwamba zimeibwa. Mwizi nani? Mimi, nani mwingine! Akanitamkia mbele ya majirani, "Ukilala mahabusu na hicho kitoto chako ndipo utakumbuka ulikoziweka." Kitoto! Mtoto ananyonya, jamani. Mwenyekiti wa kitongoji akanikataza kutoka kijijini mpaka mpelelezi wa bima aje. Akisema ni mimi, napelekwa polisi.

Akaja. Mvua inanyesha, nami niko barazani kwangu nanyonyesha. Mwanaume wa makamo, koti la kahawia, jino moja la mbele limevunjika.

"Mama Koku, mimi ni wa bima."

Shikamoo sikumpa, nilikuwa na hasira. "Umekuja kunifunga?"

Akacheka. "Nimekuja kuuliza tu."

Hata hivyo mgeni ni mgeni, nikamwekea kahawa ya kutafuna. Akaishika tu kiganjani. Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Niamini, mvua ile ilikuwa ya kumwaga, lakini koti lake lilikuwa kavu. Viatu havina tope. Barabara yetu, masika, viatu havina tope! Ningepiga kelele, ila Koku aliachia titi akawa anamkodolea macho, katulia kabisa, nami nikabaki nataka kujua: huyu ni mtu gani?

Wala hakuniuliza nilikuwa wapi siku ya wizi. Aliuliza, "Bosi wako anakunywa rubisi?"

"Yule mlokole? Akisikia harufu ya pombe tu anakemea mapepo."

"Anapika ya kuuza?"

"Thubutu!"

"Sasa lile shimo la kuivishia mbire nyuma ya jiko lake ni la nini?"

Mbire ni ndizi za pombe. Nani anazifukia shimoni kwa majani ya mgomba kama hapiki rubisi? Nami mzaliwa wa huku nilikuwa nalipita shimo lile kila siku na ndoo kichwani, nisijiulize! Nilipoinua macho nimjibu, hapakuwa na mtu. Kahawa yote iko juu ya benchi.

Nikakimbia kwa mwenyekiti. Tukafukua. Ndizi hata moja hamna. Kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani yake dhahabu zote. Mama Asteria akaanza kusali kwa sauti.

Kesho yake akafika kijana na pikipiki, anasema yeye ndiye wa bima. Nikamwambia mwenzako alishakuja jana. Akanitazama kama kichaa. Mwenzake, alisema, alikuwa njiani kuja kwetu wiki iliyopita, lori likamgonga pale Kiruruma, wakamzika kwao. Akanionyesha picha kwenye simu. Koti lile. Jino lile.

Mpaka leo najiuliza, ni kazi gani hiyo ambayo mtu anaifuata hata akishazikwa? Na jina la mwanangu alilijulia wapi?

Ila kosa nililifanya mwenyekiti aliponiuliza nimejuaje. Nilimweleza ukweli wote. Basi, sasa mimi si mwizi tena, ni mchawi. Mama Asteria aliyetaka kula hela ya bima anasalimiwa sokoni vizuri tu. Koku anatembea siku hizi, na akisogelea watoto wenzake, mama zao wanawaita ndani. Inaniuma.

Wewe unayesoma, siku mgeni wa namna ile akikuonyesha pa kuchimba, chimba. Lakini wakikuuliza umejuaje, sema uliona kuku anaparua pale.