Kofia kumi na moja alizozisaini Mzee Pua

Saa mbili kasorobo asubuhi. Mama wa miaka sitini na moja anaipindua kofia ya chuma kama mtu anayekagua sufuria dukani, anazamisha uso wake wote ndani na kuvuta pumzi. Anatulia. Anavuta tena.

Kazi yake ni kutambua kofia za kale za wanajeshi wa Kijerumani: ipi ilivaliwa vitani kweli, na ipi ilitengenezwa majuzi ikachakazwa makusudi. Wateja wake ni majumba ya makumbusho na watu wanaokusanya vitu vya kale. Katika kila kofia kumi zinazopandishwa ngazi hadi chumba chake cha ghorofa ya pili, anasema, sita ni za kughushi.

"Chuma hakinisumbui," anaeleza, akionyesha kofia nyingine rafuni. "Ona hii, nembo imepita juu ya mkwaruzo. Mkwaruzo ulitangulia, nembo ikafuata. Hapo lazima uanze kushuku. Lakini ngozi ya ndani inataka pua. Ya zamani inanuka jasho kavu na vumbi. Za kughushi wengine huzichemsha kwenye majani ya chai zipate rangi."

Alifundishwa na mumewe, aliyefariki miaka minne iliyopita. Watu wa kazi hii walimwita Mzee Pua. Taa ya zambarau, ile inayoifanya rangi mpya ing'ae gizani, aliiita miwani ya wavivu na hakuigusa hata siku moja. Saini yake ilitosha. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Kofia iliyo mezani leo ina cheti chenye saini hiyo. Imeletwa na mwalimu mstaafu, rafiki wa marehemu, anayetaka kuikabidhi kwa jumba la makumbusho. Jumba limemwomba kitu kimoja tu: muhuri mpya.

"Shemeji, gonga muhuri niende zangu," anasema mwalimu, kikombe mkononi. "Kitu kimepita kwa Mzee Pua, wewe unanusa nini tena? Umeanza kumchunguza mumeo kaburini?"

"Nilimchunguza akiwa hai, sembuse sasa!"

Wanacheka. Kisha mama anaacha kucheka.

"Inanuka chai."

"Si hii yangu?"

"Kipeleke kikombe chako nje."

Mwalimu anakitoa hadi kwenye ngazi, anarudi mikono mitupu. Mama ananusa mara ya tatu. Anachukua koleo ndogo, anakunjua pini tatu zinazoshikilia ngozi, anaivua taratibu. Upande wa juu ni kahawia iliyokolea. Sehemu iliyokunjwa, ambayo rangi haikufika, ni nyeupe na laini kama ya kiatu kipya.

"Chuma ni chenyewe," anasema. "Ngozi ni ya juzi."

"Basi Mzee Pua alikosea?"

"Mwaka aliosaini hii hakuwa anasikia harufu tena."

Mwalimu anavuta kiti, anakaa.

"Sufuria iliungua jikoni, nyumba nzima moshi, mwenzako ametulia anasoma gazeti," mama anaendelea. "Ndiyo nikajua. Naye alijua kwamba najua. Hatukulizungumza. Kila asubuhi alitia uso kwenye kofia kama kawaida yake, nami nikampa kalamu asaini."

"Andika haijulikani, shemeji. Nani ataumia? Watu watamsema marehemu."

"Inajulikana," anajibu.

Hakichani cheti cha zamani. Anachukua kipya, anaandika mistari minne: chuma halisi, nembo halisi, ngozi ya kughushi, cheti cha awali kisitumike. Anagonga muhuri. Mwalimu anakisoma chote, anakikunja na kukitia mfukoni.

"Nitawapelekea hivihivi," anasema. "Wakiikataa, itarudi kabatini kwangu."

Daftari la marehemu lina kofia zaidi ya mia nne. Kumi na moja alizisaini mwaka wake wa mwisho, na hii ya mwalimu ni mojawapo. Ujira wa kofia moja humlipia mama huyu umeme wa mwezi, lakini hizi kumi zilizobaki atazikagua bure. Barua za kuwaita wenyewe ameshaziandika. Zimekaa kwenye droo tangu wiki ya matanga, na leo mwalimu ataondoka nazo kwenda posta.

Anaulizwa kama haogopi kitakachoonekana.

Anairudisha ngozi mahali pake, pini moja baada ya nyingine, kabla hajajibu.

"Macho yake yalikuwa mazima, na vidole vyake pia. Labda nne, labda tano, alizipatia bila pua," anasema. "Nataka nizijue hizo."