Marashi Kwenye Kidonda

Mguu huu wa kushoto umenifikisha Tabora, Kigoma, na kunirudisha pwani mara nisizoweza kuzihesabu. Kila ninapofunga mzigo, kabla hata sijajua niendako, hulipapasa kovu lake na kukumbuka kambi ya Zuzu, wakati wa Mjerumani, tulipokuwa tukitandika reli kuelekea magharibi.

Taruma la chuma, lile linalolaliwa na reli, liliniangukia kwenye muundi. Kidonda kikaoza. Wenzangu wakanibeba kwa machela hadi banda la wagonjwa la misheni, wakanionya kwamba daktari wa Kijerumani hupita kila Jumamosi, na msumeno wake anao.

Aliyenipokea alikuwa mama wa Kigogo aliyefundishwa uuguzi hapo hapo misheni, ndewe za masikio yake zimevutwa hadi karibu na mabega. Kila asubuhi alinisalimu, "Mbukwa," akafungua kitambaa, na kabla ya kukiosha kidonda kwa maji ya chumvi, aliinama akakinusa. Alinusa polepole, macho kayafumba. Mimi mwenye mguu nilikuwa nageuza uso.

Aibu ikanishinda. Ijumaa nikatoa kichupa cha marashi nilichotoka nacho Bagamoyo, nikakimimina chote juu ya kitambaa.

Alipoinama tu, akainuka.

"We mtu wa pwani, unaoa leo?"

"Nimeona haya, mama. Harufu ile..."

"Harufu ndiyo inayonipa habari! Ng'ombe wetu akiumia tunamnusa, ndipo tujue anaoza au anapona. Kesho daktari akiniuliza nimjibu nini? Kwamba mguu unanukia waridi?"

Aliosha mara tatu, akaketi sakafuni kando yangu, akangoja. Wagonjwa wengine walipomwita alikwenda, akarudi palepale. Jua lilipoanza kushuka akainama tena, ndewe yake ikanigusa goti. Nilizuia pumzi. Alikaa hivyo muda mrefu, uso wake karibu kabisa na uozo wangu, kama mtu anayesikiliza.

"Huozi tena," akasema. "Unanuka jasho tu. Kaoge."

Kesho yake daktari akaja, mrefu, kofia kubwa, askari nyuma yake. Nilidhani atautazama mguu. Alimtazama mama kwanza. Mama akatikisa kichwa mara moja kukataa, na yule bwana aliyeogopwa na kambi nzima akaufunga mkoba wake wenye msumeno, akaenda kitanda cha pili.