Chini ya Kiti cha Mjomba Stefano

Petroli iliyochanganywa na oili ina harufu yake. Harufu hiyo ikikutana na ya mpira wa zamani, sabuni ya mche na kanga iliyochakaa, mimi huona kitu kimoja tu: kiti cha pikipiki ya mjomba wangu Stefano kikiinuliwa asubuhi uani kwetu, milimani juu ya Kilosa. Nimepita miaka sabini na pua yangu imechoka, lakini harufu hiyo sijapata kuikosea. Popote inaponikuta, hutafuta mahali pa kukaa.

Mjomba alikuwa bwana shamba, na pikipiki alipewa ya kazi. Kutwa alikuwa njiani, leo Kilangali kuchukua mbegu, kesho Ruaha kwa wakulima wa miwa. Chini ya kiti alichomelea kisanduku cha bati, na ndani yake kila kitu kilikuwa na mahali pake, kimefungwa katika kipande cha kanga kuukuu ya mama yangu, dada yake. Kulikuwa na viraka na solusheni, pampu fupi, vyuma viwili vya kubandulia tairi, waya, plagi ya akiba, msasa, na kipande cha sabuni cha kuziba tangi likivuja. Kilichotangulia vyote ni spana ya plagi, bomba la chuma lenye urefu wa kiganja. Pikipiki za aina ile zilichoma oili pamoja na petroli, na plagi ilishika masizi kama sufuria ya jikoni. Isipofunguliwa na kusuguliwa kwa msasa njiani, injini ilikohoa mara tatu ikanyamaza, na bila spana ile hata fundi mwenye mikono ya dhahabu hakuwa na la kufanya. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, akigonga kiti kwa kiganja. "Anayesafiri bila vitu vyake amekabidhi roho yake kwa wapita njia."

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba hulea na kulisha, lakini mjomba ndiye mwenye kukusemea mbele za watu, na siku yake ikifika jina lake na vitu vyake huja kwako. Kwa hiyo mpwa ana haki ambazo mtoto wa kumzaa hana. Nilipata kumkamata jogoo wa mjomba na kumchinja bila kumwomba mtu, na wakubwa walicheka tu. Nilivaa viatu vyake, nilikula chakula chake akiwa hajanawa. "Huyu mwizi wangu," alikuwa akiwaambia wageni kwa fahari, "ananimaliza kabla sijafa." Mahali pamoja tu aliniwekea mpaka. "Nyumbani mwangu chukua utakacho, Elia. Chini ya kiti, hapana." Papo hapo alinipa kazi ya kupatunza. Kila jioni nilitoa vitu vyote, nikavifuta, nikavirudisha. Asubuhi, akiwa tayari kofia kichwani, aliniuliza neno moja, "Vimo?" nami nilijibu, "Vimo vyote." Hakuwahi kuinua kiti kuhakikisha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikujua uzito wa kuaminiwa kwa namna ile.

Ilikuwa likizo ya kiangazi, majani yameungua mabondeni na vumbi limekaa juu ya kila kitu. Mjomba alikuwa ameniahidi kunipeleka Mikumi nikaone tembo, na wenzangu wote nilikwisha kuwatangazia. Safari ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya mvua ya ghafla, ya pili kwa sababu ya mgeni wake kutoka ofisini. Mara ya tatu, jioni kabla ya kuondoka, alinikuta nikipaka viatu mafuta ya nazi.

"Elia baba, kesho nimebeba dawa ya pamba. Madebe mawili. Huna pa kukaa."

"Nitakaa juu ya debe."

"Ukae juu ya sumu? Dada yangu ataniua." Akacheka. Rafiki yangu Mika, aliyekuwa amesimama hapo, naye akacheka, akasema, "Tembo wenyewe wamekukataa, wamesikia unanuka mafuta ya nazi!"

Hasira hasara, walimu walituandikisha methali hiyo ubaoni, nami niliiandika kwa mwandiko mzuri. Jioni ile nilipofuta vyombo nilivirudisha vyote isipokuwa spana ya plagi. Niliitumbukiza ndani ya ghala la mahindi, chini kabisa. Haki yangu ya mpwa niliijua vizuri, na hesabu yangu ilikuwa ya kitoto: plagi ya pikipiki ile haikumaliza wiki bila kusumbua, basi itamsumbua pale bondeni, atainua kiti, hataiona, atarudi kwa miguu akiniita, nami nitaitoa kwa masharti. Mzaha wa mpwa na mjomba wake. Sikufikiri kwamba plagi ingeweza kuvumilia mpaka mbali, mpaka kwenye pori la Mikumi, ambako mtu hasimami hata kujisaidia.

Asubuhi akafunga madebe kwa kamba ya mpira. Akavaa kofia.

"Vimo?"

"Vimo vyote."

"Mwanamume wewe," akasema. Akapiga kiki, moshi wa buluu ukajaa uani. Nilisimama nikisikiliza mlio ukishuka mlima, ukipotea penye kona, ukirudi, ukipotea tena. Kwenye kona ya mwisho, ambapo mtu akipiga kelele kutoka kwetu husikika, mdomo wangu ulifunguka. Nikaufunga. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko wizi wenyewe. Wizi niliufanya kwa hasira. Kunyamaza nilikufanya nikiwa nimetulia.

Siku ya tatu, mchana, lori lilimleta likiwa limemfunika kwa turubai. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alimwamkia bibi yangu shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa, kisha akaeleza. Alimpita mjomba porini alasiri, akisukuma pikipiki. Akamwambia, panda, bwana, acha chuma hicho. Mjomba akakataa, pikipiki ilikuwa mali ya serikali, na dawa ile mtu mwingine akiiokota angeweza kuidhania mafuta ya kupikia. Dereva aliporudi kesho yake alimkuta pembeni mwa barabara. Aliyemuua alikuwa mbogo, mmoja wa wale wazee wanaotembea peke yao. "Kitu kimoja sikukielewa," dereva akasema. "Kiti kilikuwa wazi, na vitu vyake amevipanga juu ya majani, kila kimoja juu ya kitambaa chake, kama mama anayeuza nyanya. Alikuwa akitafuta kitu." Mama akaanza kulia kwa sauti. Mimi nililielewa pengo lililokuwa katika mstari ule. Alitoa kimoja kimoja, akakunjua kila kitambaa. Nina hakika alivirudia mara ya pili, maana mtu aliyeambiwa vimo vyote haamini macho yake mara moja.

Siku ya kuanua matanga watani wetu walifanya kazi yao. Mtani mmoja alivaa kofia ya marehemu, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akakipiga kiki. "Brrr, brrr! Haiwaki! Wakulima, nisukumeni!" Watu waliokuwa wamelia wiki nzima wakacheka mpaka wakashikana. Akainamia chini ya kinu, akapapasa. "Stefano, bwana mipango, leo umesahau nini? Umemsahau mkeo humu?" Hata mama alicheka, akifuta machozi. Nilikimbilia nyuma ya nyumba. Waliponirudisha, wazee walikuwa wamekaa kunivika jina. Kuanzia siku ile mimi si Elia tena, ni Stefano. Mzee wa ukoo akanikabidhi vitu vya chini ya kiti vikiwa ndani ya kanga ya mama, na kwa kuwa kila mtu aliijua desturi yetu ya asubuhi, akaniuliza mbele ya wote, "Vimo?"

Nyuso zote ziliniangalia kwa upendo. Nikajibu, "Vimo vyote."

Baada ya hapo nilisoma mpaka sekondari, nikafanya kazi, nikaoa, nikazika wazazi. Mama alikufa akiamini kwamba kaka yake alisahau. Siku nyingi nilijiambia nilikuwa mtoto, na hilo ni kweli. Lakini nilipofika ishirini sikuwa mtoto, wala arobaini, na bado nilimwacha marehemu abebe kosa la uzembe ambao hakuwa nao. Kila anayeniita ananiita kwa jina la yule niliyemnyamazia.

Sasa naishi Kilosa mjini na mjukuu wangu Yona, dereva wa bodaboda. Pikipiki za leo hazichanganyiwi oili, plagi zake hukaa mwaka mzima, na chini ya kiti chake kuna koti la mvua, chaja na karatasi za bima. Nikimuuliza kuhusu spana hucheka: "Babu, siku hizi spana ni simu. Napiga, fundi anakuja. Freshi tu." Pengine ana haki. Dunia yake imejaa watu wa kuitwa. Ya mjomba ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli, na mtu huyo alisimama uani akanyamaza.

Juzi asubuhi alipata abiria wa Mikumi. Alipoinua kiti nilisogea nikatumbukiza humo bomba la chuma nililolificha miaka yote, tangu nilipolitoa ghalani. Akalitoa, akaligeuza, akalipima machoni.

"Babu, hii haiingii kwenye plagi yoyote. Ya nani?"

"Ya mjomba wangu. Stefano mwenyewe."

"Yule aliyesahau spana yake akauawa na mbogo?" Akaitazama tena, kisha akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka usoni polepole. "Sasa, Babu, mbona ilibaki kwako?"

Nikamwambia apige simu, amwombe abiria asubiri kidogo, kisha azime injini akae.