Nilichukua Ulimi wa Utani, Jembe Nikaliacha

Naitwa Somoe. Leo ni mzima, nakula wali na mchuzi bila pilipili, na ninalala usingizi wa kweli. Naanza na hilo ili anayesoma haya akiwa kitandani aujue mwisho wangu kabla sijamtisha na yaliyo katikati.

Kwetu ni Kipatimu, kwenye milima ya Wamatumbi, lakini naishi Kilwa Masoko. Nina duka la kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta nilisomea chuoni, Dar es Salaam. Kati ya mteja mmoja na mwingine nilitengeneza mchezo wa drafti wa kwenye simu. Drafti unaijua: ubao, vizibo vya soda, na watu wanaocheza kwa mdomo kuliko kwa mkono. Mimi niliutaka huo mdomo. Ukijiandikisha, mchezo ulikuuliza kabila lako, na ukifungwa ulikutania kama watani wa kabila lako wanavyokutania. Watu waliupenda mno. Walifungwa makusudi ili wasikie wataambiwa nini.

Kwa asiyejua, Wangoni ni watani zetu. Mababu zao waliwahi kuja kutuvamia, vita ikaisha, ukabaki utani. Mngoni ataniambia lolote nisikasirike, nami nitamrudishia. Hata msibani. Baba yangu alipofariki, mtani mmoja alijilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe kuku, maana marehemu alikuwa mchoyo. Mama alicheka huku kamasi zinamtoka. Nilikuwa msichana mdogo, na sikusahau kicheko kile.

Mwaka wa pili nilitoa toleo jipya la mchezo, nikakosea. Ushindi wote ambao watu walikuwa wamejikusanyia ukafutika. Matusi yakaanza siku hiyohiyo. Mwizi. Mbwa wewe. Rudi jikoni. Ningeweza kusema nimekosea, samahanini, nipeni wiki moja. Sikusema. Nina kiburi cha mtu aliyesoma peke yake katika ukoo. Nilijibu tusi kwa tusi, na aliyenikera sana nilikuwa naingia kwenye mtambo namshusha daraja, halafu nakunywa chai yangu nikiwa nimeridhika. Hilo nalikiri, kwa sababu wengi wakisimulia habari hizi hujifanya walikuwa malaika.

Mmoja wa wachezaji alijiita Mngoni Sugu. Kwenye kisanduku cha kabila alikuwa ameandika Mngoni. Alinishambulia kila siku kwenye kundi la wachezaji, nami nilimpenda kidogo, maana nilijua huyu ni mtani. Siku moja asubuhi akaandika: "Mama yangu amefariki leo. Alikuwa ananitazama nikicheza, na ule ushindi ulioufuta tulikuwa tunauhesabu pamoja. Mungu atakulipa."

Nikamjibu mbele ya kundi zima: "Pole mtani. Mwambie mama asituondokee na kete zetu. Na mkimzika bila kunipa kuku wangu, nakuja kumfukua."

Nikatabasamu, nikaendelea kutoa kopi za vyeti vya watu. Nilikuwa nasubiri anirudishie kali zaidi.

Hakuwa Mngoni. Jina lake ni Faraji, mtu wa Handeni, mkoa wa Tanga. Alichagua Mngoni kwa sababu vijembe vyake ndivyo vilivyokuwa vikali kuliko vyote. Wengi walikuwa wanafanya hivyo. Kisanduku kile nilikiandika mwenyewe, na sikuweka chochote cha kumzuia mtu kudanganya. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukiamini.

Faraji aliyasambaza maneno yangu pamoja na namba ya duka, ambayo ilikuwa chini ya mchezo kwa anayetaka msaada. Nchi nzima ikanipigia. Wanaume nisiowajua walinieleza watakavyonifanya. Mmoja alitengeneza picha ya kaburi lililo wazi, akabandika uso wangu ndani. Kisha wakampata mama.

"Somoe, mwanangu," mama alisema kwenye simu, "kuna mtu kaniambia nikuchimbie kaburi. Umemfanya nini?"

Nikamwambia aizime simu.

Ugonjwa ulianza kichwani. Maumivu yalikaa nyuma ya macho, hayakutoka. Nikanunua dawa za maumivu duka la dawa, nikameza mbili, kisha nne, kisha sita kwa siku. Chakula hakikupita. Niliishi kwa chai ya rangi na vinywaji vile vya kopo vya kuondoa usingizi, maana nilitaka kusoma kila tusi linaloingia. Usiniulize kwa nini. Nilihisi nisipolisoma litazidi kuwa la kweli. Nikakonda mpaka sketi ikawa inashikwa na pini.

Halafu chembe cha moyo kikaanza kuwaka, kama mtu ameweka kaa la moto chini ya mbavu. Nikienda chooni, choo kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, kinanuka vibaya. Nikiinama kuokota karatasi naona giza. Mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Sikumwambia mtu. Nilijiambia hii ndiyo ile ya Faraji, Mungu ananilipa, niache nilipwe. Zipo asubuhi ambazo nilichukia kuona nimeamka.

Siku niliyoanguka nilikuwa nampiga mwalimu mmoja picha ya pasipoti. Nilimwambia ainue kidevu. Nikasikia kichefuchefu, nikatapika juu ya kile kitambaa cha bluu cha nyuma. Kwanza vilitoka vitu vyeusi kama unga wa kahawa, kisha damu mbichi. Mwalimu alipiga kelele. Aliyekuja mbio ni jirani yangu Komba, fundi pikipiki. Huyu ni Mngoni wa kweli, wa Songea. Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kusalimiana bila kutukanana. Siku hiyo hakusema kitu. Alinibeba kama gunia la korosho, akanipakia kwenye gari la mtu.

Hospitali walinitia sindano mikono yote miwili, wakapitisha mpira puani hadi tumboni. Mpira ule ulivuta damu, nikaiona inapita mbele ya macho yangu.

"Dada, ulikuwa unameza dawa ngapi?" daktari aliuliza.

"Sita."

"Na unakula nini?"

"Sili."

"Zimekuchimba kidonda tumboni, na kinavuja. Damu uliyobaki nayo ni kidogo sana. Nataka watu wa kukutolea, sasa hivi, siyo kesho."

Kaka yangu Saidi alitoa. Komba naye alitoa. Niliponyanyua kichwa nikatapika tena, na aliyeshika beseni alikuwa Komba. Mikono yake bado ilikuwa na oili. Ule ukimya wake ulinitisha kuliko damu. Nikajua nakufa, maana hata mtani ameniacha.

"Mbona hunitanii?" nikamuuliza.

"Beseni kwanza," akasema.

Akaenda kulimwaga, akalisuuza, akalirudisha chini ya kitanda. Akanifuta mdomo. Ndipo akasema: "Sasa sikia, Mmatumbi. Una damu ya Kingoni humo ndani. Ukitoka hapa usije ukatuvamia."

Nilicheka, tumbo likaniuma vibaya, nikalia hapohapo. Nililia kwa sababu nilimkumbuka yule mtu aliyejilaza kaburini mwa baba. Alikuwa amelichimba yeye lile kaburi. Kabla hajatukana mtu, alishalima udongo tangu asubuhi, na wenzake walishateka maji na kupasua kuni. Mimi nilimtukana mama wa mtu nikiwa nimekaa kwenye kiti dukani, sijashika hata jembe.

Kupona kulichukua miezi. Walipima wakakuta na vijidudu vya tumbo, nikapewa vidonge vya kuviua na vingine vya kupunguza asidi. Uji, ndizi za kuchemsha, uji tena. Simu aliishika Saidi. Pale hospitali kulikuwa na muuguzi wa magonjwa ya akili, mama mmoja mpole. Nilikuwa naona aibu kuingia chumbani kwake, nikidhani wataniita kichaa. Niliingia. Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa na jina na ilikuwa na dawa, na sijui ningekuwa wapi nisingegonga mlango ule.

Niliporudi dukani nilifuta kisanduku cha kabila. Kwenye kompyuta ya zamani nilipata nakala ya mchezo kabla haujaharibika, nikamrudishia kila mtu ushindi wake. Kisha nikampigia Faraji.

"Mimi ni Somoe."

"Kumbe hujafa?"

"Nilikaribia." Nikamwambia nimekosea, na kwamba nilidhani ni mtani wangu.

"Hao watani wenu," akasema polepole, "wakishamtukana maiti, wanafanya nini kingine?"

"Wanachimba kaburi. Wanateka maji. Wanapika, wanaosha vyombo."

"Kaburi lilishachimbwa. Hitma ya mama ni mwezi ujao. Vyombo vitakuwepo." Akakata.

Kabla sijaisimulia safari ya kwenda kuosha vyombo hivyo, niwashukuru watu wangu. Namshukuru Mungu, daktari yule, muuguzi yule, Saidi, mama, na Komba ambaye hadi leo ananidai damu yake. Na wewe unayesoma: choo kikiwa cheusi, usikifiche, nenda leo. Dawa za maumivu usizimeze kama karanga. Matusi ya simu mpe mtu mwingine akusomee, akuambie lililo la maana. Na kama umekosea, sema umekosea siku ileile. Mimi nilichelewa, ikanigharimu damu, na ikamharibia mtu mwingine msiba wake.

Nilikwenda Handeni. Faraji ni kijana mwembamba, mpole kwa sura. Alinionyesha kisima na rundo la masufuria, akaondoka. Niliteka maji na kusugua kwa majivu tangu asubuhi mpaka watu walipomaliza kula. Sikutania hata neno moja. Shangazi yake akapita, akauliza: "Huyu dada ni wa nani?"

Faraji alikuwa amerudi kuchukua masufuria safi.

"Mgeni," Faraji akasema. "Amekuja kusaidia kazi."

"Basi mwambie asante, mbona umesimama kama nguzo?"

Akanitazama mikono, ilikuwa myeusi kwa masizi hadi kwenye viwiko. "Asante," akasema.

Tulikuwa tumeandikiana mengi. Hilo lilikuwa neno la kwanza jema kutoka kwake. Nikachukua sufuria lililobaki, nikaendelea kusugua.