Mama Alipuliza kwa Adabu

Mpaka leo nikimsikia daktari akimwambia mgonjwa "puliza" halafu basi, mori unanipanda.

Miaka ile zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa Temeke, nami nikampeleka mama kwenye mojawapo, kifua kinambana. Daktari akampa kibomba cha plastiki chenye mshale wa kupimia pumzi. "Puliza!" Mama yangu ni mwanamke wa pwani, hajawahi kumpulizia mwanamume wa watu pumzi usoni. Akageukia pembeni, akajisitiri kwa ncha ya khanga, akapuliza taratibu kama anayepoza uji wa mtoto. Mshale haukusogea.

"Mapafu haya yamekwisha," daktari akasema, hata kumtazama hakumtazama.

Yamekwisha! Shangazi, tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja, aliposikia hivyo akaamua ni kifua kikuu. Akamtengea mama kikombe chake cha bati.

Wiki iliyofuata nilimrudisha mama kulekule, nimefura. Mbele ya daktari yuleyule nikamwambia, "Mama, puliza kama unakoleza jiko la mkaa uliolowa!" Akapuliza, mshale ukapanda. Akavutishwa dawa, akapuliza tena, ukapanda zaidi.

"Ah, kumbe pumu," daktari akasema. Samahani hakusema.

Shangazi naye akakirudisha kikombe kabatini kimyakimya, pamoja na vingine. Mama akakitoa, akakiweka tena peke yake dirishani.

"Kiache, mwanangu," aliniambia. "Wameshanizoesha."