Jicho la Msusi wa Makuti

Mwanamkasi wa Mtongwe, upande wa Likoni, alisuka makuti tangu utotoni. Kuti kavu halisukiki, huvunjika. Kwa hiyo wasusi waliyaloweka makuti kwenye shimo nyuma ya nyumba mpaka yalainike, na maji ya shimo yakageuka rangi ya chai. Siku moja mwaka 1991, akivuta kuti shimoni, ncha ilimchoma jicho la kulia. Akainama, akateka maji yale yale kwa kiganja, akanawa, akaendelea na kazi. Ndivyo walivyofanya wote.

Jicho likawa jekundu. Jirani yake Mastura, aliyekuwa akinyonyesha, akalitia maziwa yake. Zahanati wakampa dawa ya kupaka. Wapi. Maumivu yalimkosesha usingizi, na katikati ya jicho kukafanyika duara jeupe kama pete. Mumewe, Rama, akaona litapofuka, akamvusha feri kwa daktari wa macho mjini.

"Ulipochomwa ulinawa kwa maji gani, mama?" daktari akauliza.

Mwanamkasi akawatazama wauguzi na sare zao nyeupe. "Ya mfereji."

Rama akakohoa. "Mfereji upi, mke wangu? Wetu haujatoa maji tangu Ramadhani. Daktari, ni maji ya shimo la makuti. Anaona haya tu."

Daktari akaweka kalamu chini. Akalitia jicho ganzi, akalikwangua kidogo, akaenda kupima. Jibu likaja: amiba.

"Amiba si ya tumbo?" Rama akauliza.

"Hiyo ni nyingine. Hii hujiishia yenyewe majini na udongoni, haina haja na mtu. Ni nadra sana. Lakini ikikuta jicho lina jeraha, huingia. Mngeninyamazia, ningetibu kitu kingine."

Mtaani Mastura alimtania. "Shoga, amiba wenzio huila kwa mdomo, wewe kwa jicho."

"Nawe ulilinyonyesha jicho. Huenda hiyo amiba ndiyo iliyoshiba."

Ikawa matone kila saa, mchana na usiku, na Rama ndiye aliyemtia. Miezi ikapita, maumivu yakaisha, kovu likabaki. Daktari aliposimamisha dawa, Rama alimziba jicho zima, la kushoto, kwa kiganja.

"Waniona?"

"Nakuona kivuli."

"Na ndevu?"

"Ndevu sizioni, wala sioni hasara."

Rama akacheka, akaondoa mkono. Mwanamkasi akajivutia kuti akaanza kusuka, uso ameugeuza upande kidogo, jicho la kushoto likitangulia.