Robe nyeusi ambayo Mama Neema alikataa

Leo nusura nivalishe mwenzangu nguo ya kilio cha bwana ambaye yeye bado anamungoja!

Kwenye masomo ya ushonaji tulikuwa tunasoma mavazi ya Ulaya ya zamani. Wajane walivaa nyeusi miaka mingi.

Bon, nikamuomba Mama Neema, mwenzetu wa darasa aliyekimbia vita Goma, ajaribishe robe niliyoshona, gauni nyeusi ya mujane.

Akarudisha mikono nyuma.

"Hapana, mutoto yangu. Bwana yangu alibaki kule, simu yake haipiti. Nikivaa hii, ni kama nimemuzika."

Mimi, haya tupu.

Alors, nikaivaa mwenyewe. Ikakataa kufunga mugongoni!

Mama Neema akakuja kunifunga na pini, anacheka.

"Usipumue, mama!"

Hatukuwa tumewahi kumusikia akicheka.

Jamani, mumuombee. Simu ipite.